Nagano: mji wa bara uliolelewa na milima na mito miwili

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nikitaja Japani, wengi wenu mnaona bahari: bandari, meli za kubeba magari, samaki. Leo naomba tuiache pwani. Twendeni bara, kilomita 200 hivi kaskazini-magharibi mwa Tokyo, mpaka Nagano, makao makuu ya mkoa unaoitwa Nagano vilevile. Mkoa huo haugusi bahari upande wowote. Mji wenyewe una watu wapatao 370,000, na kwa hesabu za Japani huo si mji mkubwa. Nimeuchagua kwa sababu moja, na nitaitaja mapema: watu wa Nagano wanajua kwamba kinachowalisha na kinachowaua kinatoka mahali pamoja, na elimu hiyo wameihifadhi kwa karne nyingi. Mahali penyewe ni bonde lao.

Bonde la Nagano lina urefu wa kilomita 40 hivi, na upana wake mkubwa unakaribia kilomita 10. Mji umekaa kwenye mwinuko wa mita 360 hivi. Kaskazini na kaskazini-magharibi kimesimama kilele baada ya kilele: Iizuna wenye mita 1,917, Togakushi wenye mita 1,904, na nyuma yake Kurohime na Myoko, ambao unavuka mita 2,400. Ukingo wa magharibi wa bonde umepitiwa na ufa wa ardhi. Upande wa milima unainuka na upande wa bonde unashuka, kidogo kidogo kwa malaki ya miaka, na mara mojamoja kwa kishindo. Ndiyo maana ukitoka katikati ya mji kuelekea magharibi, tambarare inakatika ghafla na unaanza kupanda. Nimeishi pale kama mwanafunzi, na miguu yangu iliujua ufa huo kabla sijausoma kitabuni.

Ndani ya bonde inaingia mito miwili mikubwa. Chikuma unatoka kusini-mashariki. Sai unatoka milima mirefu ya magharibi, ile wanayoiita Alpi za Kaskazini. Inakutana hapo hapo mjini, kisha mto mmoja unaelekea kaskazini-mashariki, unaingia mkoa wa Niigata, na huko unaitwa Shinano mpaka Bahari ya Japani. Ndio mto mrefu kuliko yote nchini humo, kilomita 367. Kwetu sisi wenye Rufiji na Tana, kilomita 367 ni chache. Lakini kumbukeni unakoanzia. Maji yanateremka kutoka milima ya zaidi ya mita 2,000 katika safari fupi, na mvua kubwa ikinyesha milimani, mafuriko hayasubiri wiki yafike. Yanafika usiku huohuo.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo naomba kila mwanafunzi aliandike. Mto ukiwa unatoka bondeni, unafika mahali panapoitwa Tategahana, na hapo vilima vinaubana. Bonde pana lenye mito miwili lina mlango mmoja mwembamba wa kutokea, shingo ya kibuyu. Maji yakizidi uwezo wa shingo hiyo, yanarudi nyuma na kutanda. Kila yalipotanda yaliacha tope laini, na juu ya tope hilo yapo mashamba bora ya matunda ya mkoa mzima. Shikeni jina hilo, Tategahana. Tutarudi huko.

Sasa hali ya hewa. Japani inasifika kwa mvua. Tokyo hupata milimita 1,600 hivi kwa mwaka. Nagano hupata kiasi cha milimita 960, na hiyo inauweka kati ya miji yenye mvua chache zaidi nchini. Chanzo chake ni kivuli cha mvua, somo ambalo tunalifundisha kila mwaka, ila Nagano kivuli hicho kinaangukia pande zote mbili. Wakati wa baridi, pepo kavu kutoka Siberia huvuka Bahari ya Japani, huzoa mvuke, hugonga milima ya Niigata na kushusha theluji huko. Takada, mji ulio upande wa bahari, kilomita 50 hivi kutoka Nagano kwa mstari ulionyooka, hupata zaidi ya milimita 2,700 kwa mwaka, na sehemu kubwa ni theluji. Upepo ukifika bondeni, mzigo wake mwingi umeshatuliwa. Wakati wa joto, pepo zenye unyevu hutoka Bahari ya Pasifiki, nazo zinakutana na safu za milima ya kusini. Kwa hiyo mji unakaa mkavu majira yote mawili.

Wastani wa joto wa Januari uko chini kidogo ya sifuri, wa Agosti unapita nyuzi 25. Wastani huo, hata hivyo, unaficha tofauti ya mchana na usiku, na hiyo ndiyo inayojaza mifuko ya wakulima. Kwa kuwa mji uko mbali na bahari, hakuna maji mengi ya kuhifadhi joto. Mbingu zikiwa wazi, joto la mchana linapotea mara jua likizama. Tufaha linahitaji usiku wa ubaridi ili ganda lake lipate wekundu na tunda likusanye sukari. Mkoa wa Nagano ni wa pili Japani kwa matufaha, nyuma ya Aomori. Ukipita kando ya Chikuma mwezi Novemba, wakati wa kuvuna aina ya Fuji, unaona mashamba yametandikwa karatasi zinazong'aa chini ya miti, ili mwanga uruke na kugusa hata upande wa chini wa tunda. Mkulima anazunguka mti kwa mti, anageuza tufaha mojamoja kwa vidole, anachuma majani yanayolitia kivuli. Ni kazi ya subira ambayo sijaiona mahali pengine.

Hali hiyohiyo imeamua chakula cha watu. Milimani, kwenye baridi na udongo mwepesi, mpunga ulikuwa wa shida, basi wakalima soba, zao ambalo mbegu zake husagwa unga, na tambi za soba za Togakushi zina sifa nchi nzima. Wakatengeneza oyaki, donge la unga wa ngano lililojazwa mboga za majani, maboga au maharage. Na chumvi, kwa kuwa bahari iko mbali, ilikuja kwa mgongo wa farasi na ng'ombe kwa njia za milimani.

Tuingie historia. Mji huu haukuanza na mfalme wala ngome. Ulianza na hekalu, Zenkoji. Mapokeo yanasema lilianzishwa mwaka 642, na sanamu iliyomo, ya Buddha aitwaye Amida pamoja na wasaidizi wake wawili, yanaihesabu kuwa miongoni mwa zile za kwanza kuingia Japani. Sanamu hiyo haionekani. Imefichwa, na hata wakuu wa hekalu hawaioni. Badala yake iko nakala, nayo huonyeshwa mara moja kila baada ya miaka sita. Wao huhesabu saba kwa kuujumlisha mwaka wa kuanzia. Mara ya mwisho ilikuwa 2022, kwa sababu korona iliisogeza kutoka 2021.

Mambo mawili ya Zenkoji yalinigusa kwa kweli. La kwanza, hekalu hili si la dhehebu moja. Linaongozwa kwa pamoja na watu wa Tendai na wa Jodo, na kiongozi wa upande wa Jodo ni mwanamke, mtawa. Katika zama ambazo mahali patakatifu pengi Japani palifungiwa wanawake, Zenkoji liliwapokea. Kwa hiyo mahujaji walikuja wa kila aina, na mji ukakua chini ya lango la hekalu kwa nyumba za kulala wageni, wauza vyakula na wachonga sanamu. Ni wageni waliojenga Nagano.

La pili ni njia ya giza. Chini ya madhabahu kuna ujia unaozunguka, hauna mwanga hata wa sindano. Unashuka ngazi, unaweka mkono wa kulia ukutani usawa wa kiuno, unatembea. Hujui aliye mbele yako ni mzee au mtoto. Unapapasa ubao, ubao, ubao, mpaka mkono unagonga chuma: ni komeo, na liko chini ya mahali ilipo sanamu iliyofichwa. Ukiligusa, wanaamini, umefunga uhusiano na Amida. Mimi si wa dini hiyo, na imani yangu naijua. Lakini nasema kwa heshima yote kwamba pale ndani, tajiri na maskini wanapapasa ukuta uleule, na nililielewa hekalu lile kuliko maelezo yote niliyosoma.

Jengo kuu mnaloliona kwenye picha lilikamilika 1707. Kabla ya hapo bonde lilipita kwenye vita. Kati ya 1553 na 1564, mabwana wawili wa vita, Takeda Shingen kutoka kusini na Uesugi Kenshin kutoka kaskazini, walipambana mara tano kwenye uwanda wa Kawanakajima, katikati ya Sai na Chikuma. Pigano kali zaidi lilikuwa la 1561. Inasimuliwa kwamba Kenshin alishuka mlimani usiku, akavuka Chikuma kimya, na ukungu wa alfajiri wa bondeni ulipofunguka, majeshi yakajikuta uso kwa uso. Maelfu waliuawa, akiwemo ndugu yake Shingen. Hakuna aliyeshinda kikamilifu. Hofu ya vita hivyo ilimfanya Shingen aihamishie sanamu ya Zenkoji kwenye mji wake wa Kofu, na kutoka huko ikapita mikononi mwa watawala wengine mpaka Kyoto. Ilirudi Nagano 1598, baada ya miaka zaidi ya 40 ugenini.

Sasa nije 1847, na hapa naomba utulivu. Ilikuwa tarehe 8 Mei, usiku. Ulikuwa mwaka wa kuonyesha sanamu, na nyumba za wageni zilijaa mahujaji kutoka kila pembe ya nchi. Ule ufa wa ukingo wa magharibi niliowatajia ukafyatuka. Nyumba zikaanguka juu ya watu waliolala, kisha moto ukashika na kula mji. Jengo kuu la hekalu lilisimama. Milimani, ardhi iliporomoka mahali pengi, na poromoko moja kubwa likauziba mto Sai. Hebu fikirini: mto mkubwa umesimama, na kwenye uwanda chini watu wanaona mchanga mtupu mahali palipokuwa na maji. Nyuma ya boma hilo la udongo maji yaliongezeka takriban wiki tatu. Watu wengi wa chini walikuwa wamekwisha kukimbilia vilimani pale boma lile lilipopasuka na ukuta wa maji ukafagia Kawanakajima. Kwa jumla waliokufa wanakadiriwa kuzidi 8,000, na walio wengi waliuawa na tetemeko na moto. Mafuriko yaliyofuata hayakuchukua idadi kama hiyo kwa sababu watu waliyasubiri wakiwa juu. Mnaona tofauti ya janga linaloshtukiza na janga linalojulikana linakuja.

Utawala wa kisasa nitaupitia haraka. Mwaka 1871 Nagano ulifanywa makao ya mkoa, na 1876 sehemu kubwa ya mkoa jirani uliotawaliwa kutoka Matsumoto ikaunganishwa nao. Treni ilifika 1888, hadhi ya jiji ikapatikana 1897. Matsumoto, mji wa kusini wenye ngome maarufu, haukufurahi, na ugomvi wa wapi makao yakae uliendelea kwa miongo. Mwaka 1948 hoja ya kuugawa mkoa ilifika kwenye baraza na ilikuwa na nguvu. Ndipo watu waliokaa kwenye viti vya wasikilizaji wakaanza kuimba „Shinano no Kuni“, wimbo ulioandikwa kwa ajili ya wanafunzi kujifunzia jiografia ya mkoa wao, milima yake, mito yake, mabonde yake. Hoja ikafa. Mimi kama mwalimu wa jiografia hadithi hiyo naipenda kupita kiasi, mnisamehe.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ubara wa Nagano ulitumiwa vibaya. Kuanzia Novemba 1944 jeshi lilichimba mahandaki kwenye milima ya Matsushiro, ambayo leo ni sehemu ya jiji, ili kumhamishia mfalme na makao makuu ya vita mbali na pwani. Zaidi ya kilomita 10 zilichimbwa, kwa kiasi kikubwa kwa jasho la Wakorea, wengi wao wakiwa wamelazimishwa. Vita vikaisha Agosti 1945 kabla kazi haijakamilika. Sehemu ya mahandaki iko wazi kwa wageni, na ni vema iwe hivyo. Baadaye, moja ya mahandaki ilifanywa kituo cha kupimia matetemeko. Mwaka 1965, ardhi ya Matsushiro ikaanza kutikisika na haikuacha kwa zaidi ya miaka mitano: mitetemo zaidi ya 700,000 ilirekodiwa, na zaidi ya 62,000 ilihisiwa na watu. Wananchi walilala na nguo za kutokea. Mkuu wa mji huo alipoulizwa anahitaji msaada gani, inakumbukwa hadi leo kwamba aliomba elimu na utafiti.

Ulimwengu uliijua Nagano Februari 1998, kwenye Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Shule za mji zilichagua kila moja nchi yake, zikajifunza wimbo wa taifa na maisha ya watu wa nchi hiyo. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna mtu wetu katika historia ile: Philip Boit, Mkenya wa kwanza kushiriki michezo hiyo. Alishindana kwenye kilomita 10 za kuteleza kwa skii, huko Hakuba, upande wa magharibi wa mkoa. Alimaliza wa mwisho, wa 92, dakika 20 baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei. Dæhlie alimsubiri kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Sasa turudi Tategahana. Usiku wa tarehe 12 Oktoba 2019, kimbunga Hagibis kilimwaga mvua kwenye vyanzo vya Chikuma. Mji wenyewe haukupata mvua ya kutisha. Maji yalitoka juu, yakakusanyika bondeni, yakakwama shingoni. Alfajiri ya tarehe 13, tuta la mto katika eneo la Naganuma, sehemu iitwayo Hoyasu, lilivunjika kwa urefu wa mita 70 hivi. Kabla halijavunjika, vijana wa kikosi cha zimamoto cha kijiji walipanda minara na kugonga kengele kwenye giza, kengele za kugongwa kwa mkono, kwa sababu walijua wapo wazee ambao ujumbe wa simu usingewaamsha. Maji yakaingia nyumba, yakaingia mashamba ya matufaha wiki chache kabla ya mavuno. Picha iliyozunguka dunia ni ya treni za mwendokasi zimesimama kwa safu ndani ya maji ya kahawia kwenye karakana yao: treni 10, mabehewa 120, zote zikaishia kuwa vyuma chakavu.

Naganuma si mahali palipopatwa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1742 Chikuma uliua watu zaidi ya 2,000 katika bonde lake. Mashamba yaleyale yalikuwa ya miforsadi enzi za hariri. Bei ya hariri ilipoanguka baada ya 1929, wakulima waling'oa miforsadi wakapanda matufaha kwenye tope lilelile la mafuriko. Na pale kijijini ipo nguzo yenye alama za kina cha maji ya kila mafuriko makubwa. Alama ya 1742 iko juu ya kichwa cha mtu mzima aliyesimama. Watoto wanaipita wakienda shule.

Mtaniuliza, kama nilivyowauliza wakulima wa huko: kwa nini msihame? Baada ya 2019 wako waliohama. Wengi walibaki, wakazoa tope kwenye mashina ya miti, kwa sababu mzizi wa tufaha ukifunikwa na tope zito unakosa hewa na mti unakufa. Watu wa kujitolea walikuja kwa mabasi na sepetu. Tope lilelile lililoletwa na mafuriko ya enzi za mababu ndilo lililoufanya udongo wao kuwa wa thamani, na wanalisema hilo wazi.

Kilichobaki ni uhandisi, na hapa penye mtego ambao ningependa wanafunzi wa kidato cha tano na sita waujadili. Dawa inaonekana rahisi: panueni shingo ya Tategahana, maji yapite. Lakini mkipanua, maji yatafika Niigata kwa haraka na kwa wingi zaidi, na huko chini wanaishi watu pia. Kwa hiyo kazi inapangwa kutoka chini kwenda juu. Karibu na bahari kuna mfereji mkubwa wa Okozu, uliofunguliwa 1922 kupeleka maji ya Shinano baharini kabla hayajafika uwanda wa Niigata, na mdomo wake sasa unapanuliwa. Katikati wanaimarisha matuta na kutenga maeneo ya kuhifadhi maji kwa muda. Tategahana unachimbwa kwa kadiri upande wa chini unavyoruhusu. Watu wa Naganuma, wanaokaa juu ya shingo, wanapaswa kusubiri watu wa mkoa mwingine wawe tayari kwanza. Niliwasikia wakilizungumza hilo kwenye mkutano wa kijiji, kwa uchungu, na hata hivyo hakuna aliyesimama kusema watu wa Niigata wasisubiriwe.

Nimeleta ramani ya mwinuko ya bonde, iko ukutani pale nyuma. Karibuni, tuanze maswali.